Duara Kubwa la Mikidadi

Kulikuwa na nchi moja, na mpaka leo ipo, maana nchi za namna ile hazina haraka ya kwisha. Jina lake tuliache. Wenyewe wanapenda itajwe kwa cheo, Jamhuri Tukufu, na anayeitaja bila utukufu hukalishwa chini barabarani afundishwe kutamka.

Basi mwaka mmoja katika Jamhuri hiyo Tukufu liliibwa paa la hospitali. Si mabati mawili matatu, paa zima, pamoja na mbao zake. Liliibwa mchana kweupe, na askari wa barabarani wakasimamisha magari ili malori yaliyobeba mabati yapite salama, maana usalama wa raia ni jambo linaloangaliwa sana kule. Haukupita muda, kule kilimani anakokaa Waziri wa Ujenzi ikaezekwa nyumba mpya kwa mabati ya kijani, na bati moja upande wa jikoni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe WODI YA WAZAZI. Watu wote waliliona. Polisi nao waliliona, wakasema uchunguzi unaendelea, mwenye taarifa azipeleke.

Ndipo Serikali ikanunua mtambo. Ukaitwa Utando wa Taifa. Mtambo wenyewe ulikuwa unalishwa simu zote zilizopigwa nchini, nani kampigia nani, halafu unachora kwenye ukuta mkubwa mweupe: kila mtu anakuwa duara, na kila simu inakuwa mstari kutoka duara hili kwenda lile. Mwenye mistari mingi duara lake linavimba. Afande Kisimbo, Kamishna wa Maduara na Mistari, mtu mwenye shingo nene aliyependa kusema "kisayansi" hata anapoagiza chai, aliwaeleza wananchi siku ya uzinduzi kwamba uhalifu ni kufahamiana. Mtu peke yake hawezi kuezua hospitali. Kwa hiyo, kisayansi, anayefahamiana na wengi kuliko wote ndiye mkubwa wa wezi. Watu walipiga makofi, maana milango ilikuwa imefungwa.

Mtambo ulipowashwa, duara kubwa kuliko yote lilikuwa la Mtukufu Rais.

Afande Kisimbo akasema hiyo ni hitilafu ya umeme, akamwamuru fundi wa mtambo, dada mmoja mkimya aliyeitwa Leokadia, alifute. Likajitokeza la Waziri wa Ujenzi, limeunganishwa na wenye malori kwa mistari minene kama kamba za kufungia ng'ombe. Nalo likafutwa, kwa sababu ni utovu wa adabu kumchora waziri kama boga. Wakafutwa mawaziri waliobaki, wakafutwa wake zao na mashemeji zao, wakafutwa wakuu wa polisi, akafutwa na kinyozi wa Ikulu, maana naye anagusa vichwa vya wakubwa. Walipochoka kufuta, duara kubwa kuliko yote lililobaki nchini lilikuwa la fundi baiskeli wa mtaa wa Bondeni, jina lake Mikidadi.

Huyu Mikidadi inafaa ajulikane. Kule Bondeni mtu akifa, wafiwa hawatangazi wenyewe. Hiyo ni desturi yao: aliyefiwa hatumwi mdomo. Anayetangaza ni mtu mmoja aliyeridhiwa na mtaa mzima, mwenye sauti iliyotulia, na kazi hiyo Mikidadi aliirithi kwa baba yake, ambaye yeye alikuwa akizunguka kwa miguu na pembe ya nyati. Mikidadi alikuwa na simu. Akiletewa habari alinawa grisi, akakaa kwenye kigoda nje ya kibanda chake, akawapigia watu mmoja mmoja, wa mtaani na wa mbali, jamaa wa marehemu waliotawanyika nchi nzima. Kwanza anakuamkia. Halafu anakuuliza umekaa au umesimama. Ukisema umesimama anakuomba ukae, anangoja, ndipo anakwambia. Watu walikuwa wakisema ukipata habari mbaya, bora uipate kwa Mikidadi. Mkewe Zamda alimwekea kikombe cha maji pembeni, maana kazi ile ilimkausha koo, na kifua chake mwenyewe hakikuwa kizuri.

Sasa ule mwaka wa paa, mvua za masika zilinyesha moja kwa moja juu ya vitanda vya wagonjwa. Daktari alikuwa anazunguka wodini na mwavuli. Waliolazwa kwa mguu wakafa kwa kichomi, waliolazwa kwa kichomi wakafa upesi zaidi, na Mikidadi akawa anapiga simu mpaka simu inachemka sikioni. Kila mvua ilileta misiba, kila msiba ulileta mistari. Na mtambo, ambao haukuwa mjinga, ukagundua jambo la kutisha: siku yoyote Mikidadi anapowapigia watu wengi kwa mfululizo, siku hiyo kuna mtu amekufa. Haikutokea hata mara moja akapiga simu hizo na watu wote wakawa hai. Tena wale aliowapigia walikuwa wakikusanyika mahali pamoja, kisha mwili unafukiwa harakaharaka.

Polisi wakaenda kumchukua na magari ya kutosha kuteka mji. Walimkuta amepakata gurudumu la baiskeli ya mtoto, akawaomba wamngoje amalizie spoku moja. Hawakumngoja.

Zamda alimfuata mpaka makao makuu ya polisi, na kikapu cha chakula mkononi. Hakwenda kudai haki. Alikuwa ameishi nchini muda mrefu. Alichotaka ni kimoja, mume wake atoke kabla sakafu ya saruji haijakimaliza kifua chake.

Kwa bahati, au kwa mkosi, Afande Kisimbo alikuwa na hamu ya mtu wa kumwonyesha ukuta. Akamwingiza ndani, akachukua fimbo ndefu, akagusa katikati. Duara la Mikidadi lilikuwa jekundu, kubwa kama sinia la harusini, na mistari ikitoka pande zote kama miale.

"Unaona nini, mama?"

Zamda alitazama. Alisoma majina kwenye maduara madogo, moja baada ya jingine, akayatambua. Akasema anaona watu wa Bondeni na ndugu zao.

"Unaona genge," akasema Afande.

Zamda akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto wa mkubwa, kwamba mume wake ni mtangaza misiba, na ndiyo maana anapiga simu mtu anapokufa.

"Yeye anajuaje kuwa mtu amekufa?"

"Anaambiwa, afande."

"Na nani?"

"Na wafiwa."

Afande Kisimbo akamgeukia Leokadia. "Ongeza. Wafiwa ndio wanaomtuma."

Leokadia akachora, na ukuta ukazidi kujaa. Zamda, akiona maneno yake yanageuka mistari, akajaribu upande mwingine. Akauliza kwa nini hawasikilizi hizo simu zenyewe, wamsikie anavyosema.

"Maneno yana ujanja, mama. Mtu anaweza kusema kuna msiba, na kweli pakawa na msiba, ili sisi tudhani ni msiba. Lakini mstari ni mstari. Haujui kudanganya."

"Na paa la hospitali, afande?"

"Ndilo tunalolitafuta. Mtu aliyeua watu wote hawa, paa litamshinda?"

Akaondoka Zamda, na nyuma yake akamsikia Mikidadi anakohoa mahali fulani ndani ya jengo lile. Alikijua kikohozi kile kama anavyoujua mlango wa nyumba yake.

Watu wa Bondeni walipopata habari walikasirika vizuri sana. Mwenyekiti wa mtaa akavaa koti, Bi Sharifa mkunga akajifunga khanga mpya, Maalim Haruni wa madrasa na mzee wa kanisa wakaenda bega kwa bega, jambo ambalo halijawahi kutokea hata wakati wa uchaguzi. Wakafika mapokezi wakasema wamekuja kumtolea ushahidi Mikidadi. Wakaulizwa kama wanamfahamu. Wakasema wanamfahamu sana, tangu ujana wake. Wakaambiwa vizuri, kaeni. Wakakaa. Jioni jamaa zao walipokwenda kuwaulizia, wakaambiwa bado wamekaa.

Baada ya hapo Bondeni pakabadilika. Watu walitumbukiza simu vyooni. Salamu zikapungua, kwanza za mbali, halafu na za mlango kwa mlango, maana zilienea habari kwamba Serikali inaagiza mtambo wa pili wa kuhesabu salamu. Ukikutana na jirani yako kisimani unatazama ndoo. Wale waliokuwa wakikopeshana chumvi wakala bila chumvi. Bibi mmoja wa uani kwa Zamda alipokufa, hakuna aliyetangaza. Mwanawe aliyeko bara hakujua mpaka alipokuja na zawadi ya blanketi. Walimzika watu wanne, nao walisimama mbalimbali pembeni mwa kaburi, kila mmoja akijifanya amepita tu. Waziri wa Habari akatoa taarifa kwa fahari kwamba kufahamiana nchini kumeshuka kuliko wakati wowote tangu uhuru.

Zamda alikuwa akienda makao makuu kila asubuhi. Chakula kilipokelewa, vyombo vilirudi vimelambwa, lakini hakujua vimelambwa na nani. Asubuhi moja alikuwa anasuuza sufuria kwenye bomba la uani, na Leokadia akaja kunawa mikono. Alinawa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Mama, yule mzee ataisha," akasema bila kumtazama. "Analala kwenye maji. Kifua kinalia mpaka juu tunasikia."

Zamda akamwambia, mwanangu, kama kuna la kufanya niambie, na kama halipo usiniambie.

Lilikuwapo. Leokadia akamweleza kwamba mtambo ule haujui hatia wala haki, unajua mistari tu. Mistari ya simu inaweza kufutwa kama aliyepigiwa akija kuapa kwamba hamjui aliyepiga, yaani alipigiwa kwa makosa. Na duara likibaki bila mstari hata mmoja, linapotea lenyewe ukutani. Asiyekuwemo ukutani hana kesi. Ilimradi wote waapishwe. Akibaki mmoja, duara linabaki.

Zamda akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na wa mbali akawaagizia kwa abiria wa mabasi. Alidhani tabu itakuwa woga, kumbe watu woga walishauzoea. Tabu ilikuwa aibu. Mwanamke mmoja, Bi Asinati, ambaye Mikidadi ndiye aliyempa habari ya mwanawe aliyezama ziwani, alikaa kwenye mkeka akakataa kabisa.

"Siku ile alininyamazia kwenye simu mpaka nikamaliza kulia," alisema. "Hakukata. Leo niende nikaseme simjui?"

"Sema, dada yangu. Ukisema unamjua utamwua."

"Wewe utasema?"

"Nitasema mimi wa mwisho."

Basi wakaenda. Foleni ilizunguka jengo. Kiapo kilitungwa na Afande mwenyewe, naye alikipenda mno: Mimi, kwa akili zangu timamu, kisayansi na kijamii, simjui, sikuwahi kumjua, wala sitarajii kumjua mtu huyu. Mikidadi alikalishwa kwenye kiti mbele yao, kwa sababu sheria inataka usimjue mtu ukiwa unamwona. Walipita waliozikiwa baba zao, waliopewa taarifa za mama zao. Wengine walisema wakitazama dari. Hata mwenyekiti, Maalim, mzee wa kanisa na Bi Sharifa wakatolewa walikokuwa wamekaa, wakaapa, wakaachiwa, Bi Sharifa akitembea amejifunika uso wote. Mikidadi hakuelewa mwanzoni. Alikuwa akiwapa salamu, anawauliza hali za nyumbani, nao hawajibu. Kisha akaelewa, akaacha kuwasalimu, akawa anainamisha kichwa kila mmoja anapomaliza, kama anayepokea rambirambi.

Mwisho akafika Zamda. Alikuwa amefanya mazoezi njiani, akapata kukisema kiapo bila kukatika sauti.

"Simjui mtu huyu."

Mikidadi alimtazama. Alikuwa amekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Akakohoa, akajifuta mdomo, akamwambia karani kwa ile sauti yake iliyotulia, "Wala mimi simjui bibi huyu. Lakini muulizeni kama amekaa au amesimama. Naona anataka kuanguka."

Ukutani lile duara jekundu likapoteza mstari wake wa mwisho, likanywea, likatoweka. Afande Kisimbo akatangaza redioni kwamba genge limesambaratishwa kisayansi bila risasi hata moja. Kesi ikafungwa. Watu wa Bondeni wakakimbilia nje getini kumngoja.

Makao makuu yale yalikuwa na mageti mawili, la ndani na la nje, na katikati uwanja wa kokoto usio na kivuli. Mikidadi akatolewa geti la ndani, likafungwa nyuma yake. La nje halikufunguka. Mlinzi akasogea kwenye nondo akauliza nani anampokea.

Kwa sababu katika Jamhuri Tukufu mfungwa haachiwi hivihivi kama mbuzi. Anakabidhiwa kwa mtu anayemjua, ili akipotea ajulikane wa kuulizwa. Ni sheria ya zamani, ya huruma, na hakuna aliyekuwa ameikumbuka.

"Nani anamjua huyu?"

Bondeni nzima ilikuwa pale, watu wamejaa hadi ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyefungua kinywa. Bi Sharifa aliuma ncha ya khanga. Anayejibu anakuwa ameapa kiapo cha uongo, na adhabu yake waliisoma wenyewe chini ya kiapo.

Walinzi wakajaribu kumrudisha ndani. Mkuu wa mahabusu akakataa kumpokea: hayumo ukutani, kwa hiyo hana namba, na asiye na namba hana mkeka wala sahani. Akabaki kwenye kokoto. Afande Kisimbo alipofuatwa alitoka hadi kwenye ngazi, akaeleza kwamba tatizo halipo. Yule mzee, alisema, ndiye mtu huru kuliko wote katika taifa, kwa kuwa hafahamiani na yeyote, na ingefaa vijana wamuige. Kisha akarudi ndani, jua lilikuwa kali.

Watu waliondoka kidogo kidogo. Zamda alibaki. Mchana jua lilimchoma yule mzee, jioni ikanyesha mvua, akasogea ukutani ambako ukuta haukusaidia. Kesho yake Zamda akaja na uji wa mtama wenye tangawizi, akauelekeza kwenye nondo. Mlinzi akaweka kirungu katikati.

"Unamjua?"

Zamda akasema hapana.

"Mtu usiyemjua unampikia uji wa nini?"

Zamda akasimama na sufuria mpaka uji ukaganda. Ng'ambo ya nondo Mikidadi alikuwa ameegemea mkono mmoja, hakohoi tena kama mwanzo, na hilo ndilo lililomtisha Zamda. Alimsikia anavuta pumzi kama mtu anayeburuta meza.

Akaenda kwenye bomba la uani, akamngoja Leokadia. Alitaka kujua jambo moja tu. Mtu mmoja akisema anamjua, mistari ya wengine itarudi? Leokadia akasema hapana, wale wameshaapa, mtambo umeshawasahau. Itakuwa mistari ya huyo mmoja peke yake.

"Na mume wangu atakuwa yumo ukutani?"

"Atakuwemo, mama. Na wewe pia."

"Kwa hiyo atapewa mkeka."

Zamda akarudi nyumbani, akapika uji mwingine, akafunga mlango, ufunguo akauweka kizingitini kwa Bi Asinati bila kubisha hodi. Akarudi getini na sufuria imefungwa kwa kitambaa.

"Namjua," akamwambia mlinzi. "Huyo ni mume wangu. Namjua kuliko ninavyojijua."

Mlinzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia ajifanye hakusema, naye atajifanya hakusikia. Zamda akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka dirisha la juu likafunguka.

Afande Kisimbo alishuka mbiombio, amefurahi kuliko siku ya uzinduzi. Akawaeleza maafisa wake kwamba alikuwa akiingoja saa hii. Nchi nzima imeapa haimjui yule mzee, isipokuwa mtu mmoja. Kwa hiyo mtu huyo mmoja, kisayansi, ndiye aliyeshirikiana naye katika vifo vyote, na katika paa. Genge halikusambaratika, lilijificha kwa mwanamke mwenye sufuria. Ikaamuliwa papo hapo kwamba atapewa nishani, yaani Afande.

Zamda akapandishwa ukumbini ili auone mstari wake ukichorwa, kama sheria inavyotaka. Ukuta ulikuwa mtupu, mweupe. Leokadia akaweka duara dogo, akaandika Mikidadi. Akaweka la pili, akaandika Zamda. Hapo mkono wake ukasimama.

"Mama, huu nikishauchora sitaweza kuufuta."

"Usiufute," akasema Zamda. "Uchore mnene."

Walipomteremsha, Mikidadi alikuwa ameshapewa namba, na wafungwa wawili wamemshika kwapani wakimpitisha geti la ndani, kwa maana sasa alikuwa na mahali pa kwenda. Alipomwona Zamda anakuja kati ya askari alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekataza jambo likafanyika.

"Zamda, umefanya nini?"

"Kunywa kwanza."

Askari akaipekua sufuria, akaona ni uji, na kwa kuwa mahusiano yao yalikuwa yameshathibitishwa kitaifa, akaruhusu. Ulikuwa bado wa moto. Mikidadi akaunywa amesimama, mikono ya Zamda ikiwa chini ya mikono yake imeshika sufuria isimwagike, mpaka walipoambiwa wanaume kushoto, wanawake kulia.